Foo Wili ya Mafuru

Magoti ndiyo yaliyonistaafisha. Mtu anayelala chini ya magari tangu ujana wake hafukuzwi na umri, anafukuzwa na sakafu. Siku moja niliingia chini ya gari vizuri, kutoka ndiyo ikawa shughuli. Wenzangu wakanivuta kwa miguu kama gunia la mihogo, wakacheka, na mimi nikacheka. Wiki iliyofuata nikawaambia inatosha. Sasa nashinda nyumbani hapa Musoma, nasikia magari yakipita barabarani, na kwa sauti tu najua ni lipi jointi zake zimekwisha. Hakuna anayeniuliza. Kwa hiyo naandika.

Ninyi mliobaki pale gereji mtanisamehe nisipowasimulia habari za vyeo. Kwetu vyeo vilikuwa viwili tu, anayeshika spana na anayeshika tochi. Nitawaeleza nilivyoanza, nani alinifundisha, na kwa nini mteja akiniuliza lipi bora kati ya kigari cha foo wili, chenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, na kile cha kuvuta mbele, nilikuwa nakaa kimya kwanza kabla ya kujibu. Najua wengine wenu mlidhani ni maringo ya fundi mzee.

Nilianzia Bunda, kwenye karakana ya kiwanda cha kuchambua pamba. Fundi mkuu alikuwa Mzee Wandwi, mtu wa Butiama, mrefu, mwenye sauti ndogo iliyokuwa inapotea kwenye kelele za mashine, hivyo ulilazimika kumsogelea ili umsikie. Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa gari lolote. Alinipa beseni la dizeli na rundo la nati chafu.

"Osha," aliniambia. "Ukimaliza, uniambie zipi zimetoka gari moja."

Niliosha mpaka mikono ikababuka. Nikazipanga, nikazipangua, mwisho nikamwendea nikamwambia, "Mzee, sijui."

"Vizuri," alisema. "Aliyekutangulia alisema anajua."

Kesho yake akanipa spana.

Alikuwa na bisibisi moja ndefu yenye mpini wa mbao. Gari likivuma, alisimamisha ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Beringi mbovu inasikika kama mtu anayetafuna mchanga, alisema. Nilijaribu miezi mingi nisisikie kitu zaidi ya kelele, mpaka siku moja nikausikia ule mchanga, nikashtuka kana kwamba kuna mtu ameniita jina langu, Manyama, kutoka ndani ya injini. Mengine yote aliyonifundisha yanatoka hapo. Usikisie, sikiliza. Na mteja akikusifia gari lake linavyovuta, muulize kwanza linasimamaje.

Pamba ikaanza kufifia. Malori yaliyokuwa yakipanga foleni hadi nje ya geti yakawa machache, kisha yakawa hayaji kabisa, na karakana ikafungwa bila hata mtu kuja kutuambia imefungwa. Tulifika asubuhi tukakuta kufuli. Mzee Wandwi alisimama pale muda mrefu, akalishika lile kufuli, akaliachia. Tukahamia Musoma, tukafungua gereji nyuma ya soko, mimi na yeye na wengine wawili. Lakini kifua chake kilikuwa kimeshajaa vumbi la pamba la miaka yote ile. Alikuwa anakohoa akiwa amelala chini ya gari mpaka gari linatikisika. Mwisho akarudi kwao Butiama. Nilipokwenda kumwona alikuwa amebaki mifupa, na hakuniuliza habari za gereji. Aliichukua mikono yangu, akaigeuza, akatazama makovu, akaniuliza hili ni la nini, na hili ni la nini. Tulimzika kwenye mvua, na gari lililobeba jeneza lilikwama kilimani. Sisi mafundi ndio tulilisukuma. Angekuwa hai angetufokea kwa kutoangalia matairi kabla ya kuondoka.

Vile vigari vidogo vilianza kuingia Musoma kwa wingi baada ya hapo. Vilikuwa vimeshazeeka huko vilikotoka, vikaja kuzeeka mara ya pili kwetu. Mnavijua: mgongo umekatwa, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu, ukikunja viti unapakia magunia ya mahindi, madebe ya dagaa, mbuzi, au mgonjwa aliyelala. Walivinunua walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa samaki, na watu wa vijijini waliotaka kubeba abiria. Kila mmoja alikuja na swali lilelile: "Fundi, nichukue foo wili au hii ya kawaida?"

Kwa juu ni gari moja. Tofauti ni maandishi madogo nyuma, ambayo mara nyingi yalikuwa yamebanduka au yamebandikwa na mtu tu kwa kupenda. Ukilala chini ndipo unaona. La kuvuta mbele lina injini, gia boksi, na ekseli mbili fupi zinazokwenda magurudumu ya mbele, basi. Ya nyuma yanafuata tu yanakopelekwa. La foo wili lina propela, bomba refu la kuzunguka linalotoka mbele mpaka nyuma, beringi ya katikati inayoishikilia, difu ndogo ya kugawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma, na mbele ya difu kopo la chuma lenye sahani nyembamba na mafuta mazito ndani yake. Barabara ikiwa kavu, kopo limelala. Magurudumu ya mbele yakianza kuteleza, yale mafuta yanakaza, na nguvu inapelekwa nyuma. Sisi tuliliita hivyohivyo, kopo.

Kwa mtu wa mjini nilikuwa nasema achukue la kuvuta mbele. Ni jepesi, halili mafuta, na nyuma halina kitu cha kuharibika. Kwa mtu wa vilima vya Butiama nilikuwa nafikiri mara mbili. Gari la kuvuta mbele likipanda kilima cha changarawe na watu wamejaa kiti cha nyuma, uzito unahamia nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, magurudumu yanasaga kokoto na gari halisogei. Kuna mwalimu mmoja wa huko nilimfundisha apande kwa rivasi, ili uzito uangukie magurudumu yanayovuta. Akawa anapandaga hivyo kila jioni mpaka nyumbani kwake, na majirani wakaamini ameweka nadhiri.

Foo wili nayo ina adabu zake. Inataka matairi manne yanayolingana. Ukifunga mawili mapya mbele na mawili yaliyokwisha nyuma, kopo halipumziki, linachemka, linakufa. Beringi ya katikati nayo ikianza kuvuma, spea ni ya kutafuta mpaka Mwanza, na hapo mafundi wengi hukata njia: wanachomoa propela, wanaziba tundu, gari linaendelea kwa mbele tu. Mwenye gari haambiwi, au anaambiwa kwa namna ambayo hawezi kuelewa. Maandishi ya foo wili yanabaki mlangoni. Hili mlishike, kwa sababu ndilo lililonifanya nitazamwe kwa jicho baya mji mzima.

Mafuru na Masatu walikuwa ndugu kutoka Bugwema, baba mmoja mama mmoja. Mafuru, mkubwa, alikuwa mtu wa kanisa, mtaratibu, anayeyakagua matairi yake kabla ya kuingia garini kama anayekagua ng'ombe wa mahari. Masatu, mdogo wake, alikuwa na maneno mengi na kicheko kinachotangulia honi. Walinunua vigari vya aina moja, rangi moja, wabebe abiria na mazao kati ya Bugwema na Musoma. Mngedhani mwenye papara ndiye angechukua foo wili. Ilikuwa kinyume.

"Fundi, mimi naogopaga kukwama na watu wa watu," Mafuru aliniambia. "Bora nile mafuta kidogo zaidi."

Masatu alichukua la kuvuta mbele. "Kaka kanunua miguu minne," alisema, "kwenda palepale mimi nakwendaga na miwili."

Kwa miaka kadhaa gereji yetu ilikuwa uwanja wa ubishi wao. Masatu alikwama kwenye udongo mweusi wa mbuga kila msimu wa mvua, na kila mara Mafuru alimfuata na kamba. Siku ya pili wanakuja wote wawili kuoshewa matope na kukaziwa vyuma. Masatu anasema hakukwama, alikuwa anapumzika. Mafuru anatabasamu, anakunja ile kamba taratibu na kuirudisha nyuma ya kiti. Niliwapenda. Kazi yetu ina wateja wengi na marafiki wachache, na hawa wawili wangeweza kuja bila gari nikafurahi.

Mwaka ule mvua zilikuwa mbaya. Wiki chache kabla ya tukio, Mafuru alileta gari likiwa linavuma katikati. Nilitumia bisibisi, nikasikia mchanga. Nikamwambia ni beringi ya propela, na spea itachukua muda.

"Nitangoja," alisema. "Usiniondolee kitu, Fundi. Nimesikia wanavyofanyaga."

"Mimi siondoi kitu cha mtu."

"Najua. Nasema tu."

Akaliacha gari, akawa anasafiri kwenye gari la mdogo wake mpaka spea ilipofika. Nilifunga beringi mpya kwa mikono yangu, nikaijaza grisi, tukalijaribu pamoja kwenye matope nyuma ya soko. Likavuta kwa miguu yote minne. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Masatu mwenyewe, pamoja na watu wengine waliokuwepo, na maneno yao yanalingana.

Asubuhi moja Masatu alikodiwa ampeleke Musoma mama mjamzito ambaye uchungu ulikuwa umemkaa vibaya. Ndani ya gari walikuwa yule mama, mama mkwe wake na mumewe. Njiani kuna mto ambao kiangazi ni mchanga tu, na barabara inapita juu ya sakafu ya zege iliyolazwa chini, bila kingo. Walipofika, maji yalikuwa yamepita juu ya zege, ya rangi ya chai, yanakwenda kasi. Masatu, yule wa maneno mengi, alisimama. Alijua gari lake. Akampigia kaka yake simu.

"Kaka, njoo na foo wili. Mama huyu hawezi kungoja."

Mafuru siku hiyo alikuwa amekaa nyumbani kwa sababu ya mvua hiyohiyo. Alikuja. Alishuka, akakata fimbo, akaingia majini mpaka magotini akipima, akarudi. Mume wa yule mama alikuwa ameshafungua mlango amhamishe mkewe. Mafuru akamzuia.

"Mwache kwanza," alisema. "Ngoja nipite peke yangu. Nikifika ng'ambo salama nitarudi nimchukue."

Akashusha vioo vyote. Akaingia polepole, gia ya kwanza, kama nilivyokuwa nikiwaambia wateja wote. Masatu anasema gari lilikwenda vizuri, likapita nusu, na yeye akaanza kupiga makofi. Kisha maji yakaongezeka ghafla kutoka juu, kama mtu amefungua kitu. Sehemu ya nyuma ikainuka. Gari likageuka taratibu, ubavu ukapokea maji yote, likatoka kwenye zege na kuanguka upande wa chini. Walimwona Mafuru akitoa mkono dirishani. Halafu hawakuuona tena.

Walimpata kesho yake, mbali na pale, kwenye vichaka.

Yule mama alijifungua palepale kwenye kiti cha nyuma cha gari la Masatu, mama mkwe wake akimsaidia, huku mumewe na Masatu wakikimbia ukingoni wakiita jina la Mafuru. Alizaliwa mtoto wa kike, akaishi, na mama yake akaishi. Walikuja kwenye mazishi na yule mtoto amefunikwa kitenge. Watu walimsogeza kwa Masatu amwone. Alisimama, akatoka nje ya uzio, hakurudi mpaka kaburi lilipofukiwa.

Haikupita wiki maneno yakaanza. Nilianza kuyasikia kwa namna watu walivyokuwa wananyamaza nikifika kibandani kununua chai. Foo wili gani inayoshindwa kuvuka? Lazima propela haikuwepo. Nani alikuwa fundi wake? Manyama. Si ndiyo hao wanaochomoa vitu vya watu na kuviuza? Mteja mmoja wa miaka mingi alikuja kuchukua gari lake kabla sijamaliza kazi, akasema amepata haraka. Sikulala vizuri siku zile. Nilijua nilichofunga. Lakini kujua ukiwa mzima ni kitu kimoja, na kujua baada ya mtu kufa ni kingine. Nilikuwa nazirudia nati za ile propela kichwani, moja moja, nikijiuliza kama niliikaza ya mwisho.

Maji yalipopungua, Masatu alilivuta gari la kaka yake kwa trekta, akalileta gereji. Alikuja na mama yao, Mama Mafuru, aliyevaa nguo nyeusi na kandambili za plastiki zilizojaa matope. Alikaa juu ya tairi kuukuu bila kukaribishwa.

Masatu hakunisalimia. Alikuwa amekonda, na kile kicheko kilikuwa kimekwenda kabisa.

"Fungua," alisema. "Nataka kujua kama foo wili ilikuwa inafanya kazi."

"Masatu, ndugu yangu—"

"Fungua, Fundi. Mbele ya mama."

Niliinua gari juu ya stendi. Tope lilikuwa limejaa mpaka kwenye redio. Nikaanza kufungua, na kila nilichokitoa nilikiweka chini mbele yao. Propela ilikuwepo. Nati zote zilikuwepo, zimekaza. Beringi niliyofunga mimi ilikuwa inazunguka bila hata mkwaruzo. Oili ya difu ilikuwa imeingia maji, imekuwa kama chai ya maziwa, lakini meno ya ndani yalikuwa mazima. Likabaki kopo. Nililibana kwenye vaisi ya mezani, nikaweka bomba refu, nikavuta. Likakataa. Nikavuta zaidi, likaja polepole, kwa ukaidi, sawasawa kama linavyotakiwa.

"Vuta mwenyewe," nilimwambia Masatu.

Akalishika lile bomba. Akavuta, likamkatalia. Akavuta tena kwa nguvu zote, mishipa ikamtoka shingoni, na kopo likasogea kidogo, taratibu.

"Ndiyo nini?" aliuliza.

"Ni zima. Gari lilikuwa zima. Lote."

Nilitegemea nitasikia nafuu. Kwa kweli niliisikia, na papo hapo nikaona aibu nayo, kwa sababu nilikuwa namtazama Masatu usoni. Ndipo nikaelewa alikuwa amekuja kutafuta nini. Alitaka kasoro. Angepata nati moja iliyolegea angenichukia maisha yake yote, na angelala usingizi.

"Kwa hiyo nilimwita," alisema, "akaja na gari zima, akafa."

"Maji yakishainua gari, magurudumu hata yawe kumi hayana pa kushika. Foo wili inasaidia kwenye tope. Kwenye maji ni kigari chepesi tu kama chako."

"Mimi sikuvuka kwa sababu hii yangu si foo wili. Nikampigia yeye kwa sababu yake ni foo wili. Ndivyo ilivyo?"

Mama yao alikuwa ametulia muda wote ule, anatazama vile vyuma vilivyopangwa chini. Akaniuliza, "Fundi, hivi vyote vilikuwa ndani ya gari la mwanangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Na vyote vilikuwa vizima?"

"Vyote, Mama."

Akatikisa kichwa. Akasema kwa Kijita maneno mawili matatu ambayo sikuyashika, akaamka, akaenda kusubiri barabarani.

Maneno ya mjini juu yangu yalikoma baada ya hapo. Mama Mafuru ndiye aliyeyakomesha, kwa kumwambia kila aliyekwenda kumpa pole kwamba gari halikuwa na ubaya. Wateja walirudi. Na yule aliyekuwa amepata haraka akarudi pia, akaleta gari lilelile likiwa na tatizo lilelile, hatukuyazungumzia yaliyopita.

Masatu alirudi baada ya miezi kadhaa, na gari lake. Alitaka nitoe propela, difu na kopo kwenye gari la kaka yake nivifunge kwenye lake. Alisema kwa utulivu, kama mtu aliyefikiria muda mrefu. Nilimwambia haiwezekani. Hakuamini. Basi nikayainua yote mawili, moja kando ya jingine, nikamwambia aingie chini pamoja nami.

Tulilala chali. Nikamwonyesha kwa tochi. "Tazama la Mafuru. Sakafu imeinuliwa katikati, propela ipite. Tangi la mafuta limegawanywa huku na huku. Kule nyuma kuna mahali pa kufungia difu. Sasa tazama lako. Sakafu haina njia. Tangi limekaa palepale difu inapotaka kukaa. Kwenye gia boksi hakuna pa kutokea. Haya si magari yanayofanana, Masatu. Yanafanana ukiwa umesimama."

Nilidhani anatazama tangi. Kisha nikasikia anavyohema, nikazima tochi ili asijione anaonekana. Tulilala pale gizani chini ya magari mawili, saa za mchana, nje watu wakigonga mabati, mpaka alipomaliza. Nilitoka wa kwanza, na hapo ndipo nilipogundua magoti yangu yameanza kunikataa.

Gari la Mafuru tuliliuza vipandevipande. Mama yao ndiye aliyetaka hivyo. Yapo magari matatu au manne huko Bunda na Butiama yanayotembea na vyuma vyake, na wenyewe hawajui. Masatu alikaa muda bila kuendesha, akalima, akashindwa, kisha akarudi barabarani na lile lake la kuvuta mbele. Akawa anabeba watu kimya. Abiria walisema gari lake ni kama la msiba.

Mara ya mwisho kupanda naye ilikuwa msimu wa mvua wa mwaka jana, kabla sijastaafu. Nilikuwa nimekwenda Bugwema kutengeneza injini ya pampu ya kumwagilia mashamba, naye akawa ananirudisha Musoma. Tulikuwa watano ndani. Tulipofika kwenye ule mto, maji yalikuwa juu ya zege, si mengi sana. Masatu alizima injini, akachomoa ufunguo, akashuka, akakaa juu ya boneti.

Abiria wakaanza. Mmoja alisema maji yale hata baiskeli inapita. Mwanamke mwenye kapu la samaki alilalamika kwamba wataoza. Mwingine akasema, bila kujua anamwambia nani, "Angekuwa mwenye foo wili tungekuwa tumeshavuka." Masatu hakugeuka.

Likaja gari nyuma yetu, kigari kama vyetu, cha foo wili, kinaendeshwa na bwana mmoja aliyevaa shati la ofisini, ana mke na watoto ndani. Akatupita, akalielekeza gari majini. Masatu akaruka kutoka kwenye boneti, akakimbia, akasimama mbele yake katikati ya barabara, maji yakimgusa viatu.

"Ondoka njiani!" yule bwana alipiga kelele. "Hii ni foo wili!"

"Hata ya kaka yangu ilikuwa foo wili."

"Basi ilikuwa mbovu!"

Masatu alinyoosha kidole kwangu. "Muulize huyu. Ndiye fundi aliyeifungua. Muulize kama ilikuwa mbovu."

Wote wakanitazama, yule bwana, mkewe, watoto waliobana nyuso kwenye kioo, na abiria wetu. Nilitembea nikasimama kando ya Masatu.

"Ilikuwa nzima," nilisema. "Nilikagua kila kitu. Ilikuwa nzima kuliko hii yako. Tulimzika."

Yule bwana alishika usukani muda mrefu. Mkewe akamwambia kitu kwa sauti ya chini. Akarudisha gari nyuma, akazima.

Tulingoja mpaka jua likalala upande wa ziwa. Hakuna aliyelalamika tena. Zege lilipoanza kuonekana, Masatu aliingia kwa miguu, akatembea mpaka ng'ambo, akarudi, ndipo akaruhusu watu. Yule bwana akavuka kwanza, akapiga honi kidogo, akaenda zake. Sisi tukafuata.

Tulipopanda ukingo wa pili Masatu alisimamisha gari, akashuka kunawa uso kwenye maji yaliyobaki pembeni. Nikamfuata. Nilitaka kumwambia kwamba amefanya jambo kubwa, kwamba wale watoto wanakwenda nyumbani kwa sababu yake. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Mafuru naye alikuwa tayari kungoja, Fundi," alisema, bado ameinama. "Alikuwa nyumbani kwake. Alikuwa anangoja."

Akajipangusa kwa mkono wa shati, akarudi kwenye usukani, na abiria wakasogea wanipishe nafasi.